Kengele ya Pikipiki ya Baba

Pikipiki ya baba ilikuwa na kengele ya ng'ombe. Siku ya kwanza alipoiegesha sokoni Kakamega na kuifunga kengele ile kwenye gurudumu la nyuma, wanaume waliokuwa wamekaa mbele ya duka la fundi cherehani walicheka mpaka mmoja akashika tumbo.

"Fundi, huyu ng'ombe wako anatoa maziwa chupa ngapi?"

"Bado ni mtamba," baba akasema. "Sasa hivi kazi yake ni kunywa tu."

Wakacheka tena, na baba akacheka nao. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba kikapu cha spana. Kwa kawaida naangalia chini palipo na watu wengi, lakini siku ile niliangalia juu, kwa sababu walikuwa wanamcheka baba yangu kama mtu wanayemheshimu.

Kengele ilikuwa ya kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba. Aliivua kwenye shingo ya ng'ombe wake mzee akampa baba jioni ile pikipiki ilipofika nyumbani. Alisema kitu cha thamani kikisogezwa lazima kilie. Mtu akitaka kuisukuma pikipiki, kengele itamtangaza. Baba alipotaka kusafiri aliifungua akaitundika kwenye msumari kando ya mlango, ndani. Kukhu alikuwa na sharti moja tu, kwamba kengele hiyo isiwekwe chini kwenye udongo. Kengele ikilala chini, alisema, mnyama wake naye atalala na hataamka. Sisi hatukuuliza maana yake. Mikono yetu ilizoea tu. Hata mama alipofagia, akiiondoa msumarini aliishika kwapani mpaka amalize, kisha akairudisha.

Pikipiki yenyewe ilitoka Likuyani. Baba alifanya kazi huko miaka mingi kwenye shamba la mahindi la mzungu mmoja, akitengeneza trekta na mashine. Siku moja mkanda wa mashine ya kupukuchua mahindi ulimvuta mguu wa kushoto. Alipona, lakini mguu ulibaki umepinda kwenye goti, na akitembea alikuwa kama mtu anayepanda ngazi ambayo sisi hatuioni. Uhuru ulipokuja yule mzungu aliuza ng'ombe, akafunga masanduku, na asubuhi ya kuondoka akampa baba pikipiki. Hakusema ni ya mguu. Baba naye hakuuliza. Alikuja nayo mpaka nyumbani kwetu akiwa mweupe kwa vumbi, tukadhani ni mgeni.

Tangu hapo baba akawa fundi wa mashine za posho. Mashine za kusaga unga zilikuwa zinafunguliwa kila mahali miaka ile, na zilikuwa zinaharibika kila mahali. Walimwita kutoka Mumias, wakamwita kutoka Musanda, wakamwita ng'ambo ya mito ambayo kwa mguu wake asingeivuka hata kwa siku nzima. Alipokuwa juu ya pikipiki hakuwa kilema. Nilimwona mara nyingi akitoka langoni, mgongo umenyooka, kofia imeshushwa, na nilifikiri kwamba mtu asiyemjua hawezi kusema ni mguu upi mbaya.

Kwa hiyo aliilinda. Karani mmoja wa serikali alikuwa ameibiwa yake mbele ya posta mchana, akaitafuta mpaka akachoka, na baba aliisikia habari hiyo kama mtu anayesikia habari ya ugonjwa. Alinunua mnyororo akaifunga pikipiki kwenye nguzo ya katikati ya nyumba. Ililala na sisi sebuleni, na nyumba yetu ilinuka petroli kuliko moshi wa kuni. Kila alipoizima alifungua plagi akaitia mfukoni mwa koti, maana bila plagi pikipiki ni chuma tu. Hata kanisani alipopiga magoti plagi iligonga benchi, na mama alikuwa akimfinya.

Nina kaka mmoja, mkubwa kwangu. Alikuwa na akili ya shule. Mimi nilimaliza darasa la saba nikakaa nyumbani bila mtu kushangaa, kwa sababu nilikuwa nikiandika polepole sana, mwalimu akifuta ubao kabla sijafika nusu. Lakini kaka alifaulu, na akaitwa na shule ya sekondari ya mbali. Karo haikuwepo. Baba aliomba asubiri mwaka mmoja.

Kwetu baba na mwana aliyekwisha kutahiriwa hawaketi wakabishana uso kwa uso. Jambo gumu hupitia kwa mtu mwingine, na kwetu mtu huyo alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekaa ng'ambo ya mto. Alikuwa mtu wa sauti ndogo na ugoro mwingi. Aliitwa, akaja, akakaa katikati kwenye kigoda, baba upande huu, kaka upande ule, na wote wawili wakaongea naye kana kwamba mwingine hayupo.

"Baba mkubwa," kaka alisema, "muulize, ikiwa pikipiki itauzwa, je, karo haitapatikana?"

Baba mkubwa akageuka. "Umesikia mwanao?"

"Nimesikia mwanao," baba akajibu. "Mwambie hivi. Nikiuza mguu, mwaka wa pili atalipiwa na nani?"

Baba mkubwa alinusa ugoro wake, akapiga chafya, akafuta macho. "Wewe kijana, umesikia. Na wewe, ndugu yangu, mtoto wako ana kichwa, usikiache kichwa hicho kiote kutu. Tafuteni njia. Mimi nitarudi baada ya mavuno tuongee tena."

Kaka hakungoja mavuno. Alikwenda mjini akapata kazi ya kuosha vyuma kwenye gereji. Akawa anakuja nyumbani Jumapili, kucha zake nyeusi kama za baba. Nilifikiri hilo litawafanya wawe karibu.

Baba mkubwa hakurudi baada ya mavuno. Aliugua tumbo akafariki.

Siku ya mazishi tulikwenda wote. Daraja la kwao lilikuwa la magogo mawili, pikipiki isingepita, na isitoshe baba hakutaka kuingia kwenye msiba wa kaka yake akipiga kelele za injini. Akaifunga kwa mnyororo, akaivisha kengele, akafunga mlango kwa kufuli, akatia plagi mfukoni, akatembea. Mama alimshika mkono kwenye magogo. Kaka alikuwa amefika kabla yetu. Nilimwona akichimba kaburi na vijana wengine, halafu ngoma za isukuti zilipoanza sikumwona tena, na sikumtafuta. Kwenye matanga watu ni wengi. Nilimwona tena kaburi likifunikwa, amesimama na koleo, anatoka jasho, analia. Wote tulikuwa tunalia.

Tuliporudi, jua lilikuwa bado lipo. Mlango ulikuwa umeng'olewa kwenye bawaba na kulazwa kando. Mnyororo ulikatwa. Kwenye sakafu, mahali pikipiki ilipokuwa ikisimama, lilibaki doa la oili na alama mbili za matairi zilizokwenda moja kwa moja mpaka nje.

Mama alipiga ukemi, majirani wakaja mbio. Mimi sikujua nifanye nini, nikatafuta cha kumfariji baba. Nikakiona.

"Angalau kengele wameiacha," nikasema.

Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wake kando ya mlango. Baba aliitazama. Watu walikuwa wakiingia na kutoka, wakiuliza, wakigusa mnyororo uliokatwa, na baba alikuwa bado anaitazama kengele. Kisha akakaa kwenye kiti, akatoa plagi mfukoni, akaishika kiganjani kama yai.

Wakati ule sikuelewa, lakini sasa naelewa. Mwizi wa kutoka mbali angeifungua kengele ile akaitupa pale pale, au angeijaza majani isilie akaenda nayo. Aliyeichukua pikipiki alikuwa na haraka, alivunja mlango ili aonekane mgeni, alikuja na plagi yake mwenyewe, lakini kengele ilipobaki mkononi mwake mkono haukuweza kuiweka chini kwenye udongo.

Kaka alikuja na wale waliokuwa wakitafuta. Alikimbia mbele yao kwenye njia ya Mumias, aliporudi akasema alama zimepotelea kwenye barabara kuu. Mama alimpa maji. Baba hakumwangalia.

Sasa nieleze jambo ambalo watu wa mbali huenda hawalijui. Kwetu mtu akiibiwa, mwizi asijulikane, kuna wazee wanaojua kufunga wezi. Mzee wa namna hiyo huja na chungu kipya ambacho hakijapikiwa. Huomba kitu kilichogusana na kile kilichopotea. Watu wote wa ukoo na majirani hugusa mdomo wa chungu na kuapa. Halafu mzee huvunja kile kitu, anakitia chunguni, anafukia. Aliyeiba huanza kukonda na kukohoa au kuvimba tumbo, na hakuna dawa ya hospitali inayomfaa. Sisemi kama ni kweli au si kweli. Nasema tu kwamba kila mtu niliyemjua aliogopa, hata wale waliokwenda kanisani pamoja nasi.

Lakini kabla ya kufunga lazima itangazwe, ili mwenye kujuta arudishe. Kwenye njia panda karibu na kwetu kuna jiwe bapa. Jembe likiibwa, likatangazwa sokoni, asubuhi moja mwenye jembe hulikuta kwenye jiwe lile, na hakuna anayeuliza limefikaje. Niliwahi kuona sufuria hapo, na baiskeli, na mara moja kuku aliyefungwa miguu akiwa na hasira sana.

Aliyesema mzee aitwe ni senje, shangazi yetu, dada yake baba. Senje alikuwa muuzaji wa ndizi sokoni na alikuwa na mdomo.

"Wameiba siku tunamzika kaka yetu!" alisema. "Siku ya maiti! Huyo ni mtu? Huyo hata fisi angemkataa. Afungwe. Afungwe mpaka jino lake la mwisho."

"Tutangaze kwanza," baba akasema.

"Tangaza, lakini chungu kije."

"Tutangaze," baba alisema tena, polepole. "Asikie. Akisikia ataleta."

Liguru, yaani mkuu wa kijiji chetu, akatangaza sokoni na kwenye baraza. Baadaye baba aliniambia kwamba hakukusudia hata siku moja chungu kitamkiwe maneno. Alitaka mtu mmoja tu aogope, airudishe kwenye jiwe, yaishe, na asiwepo wa kujua. Angeweza kumwita kaka akamwambia, nimeona kengele. Lakini jambo la namna hiyo lilihitaji mtu wa kukaa katikati, na mtu huyo tulikuwa tumemzika siku ile ile. Senje asingeweza, angelibeba mpaka sokoni kabla ya kufunga kanga. Hivyo baba alilituma tangazo badala ya marehemu kaka yake.

Kila asubuhi alinituma kwenye jiwe. Nilikwenda kabla ya kuteka maji. Nilikuwa nikikaribia njia panda najaribu kutotazama mapema, ili nijipe muda wa kutumaini. Jiwe lilikuwa na umande, au lilikuwa na konokono. Nilirudi nikasema hakuna.

Jumapili kaka alipokuja, tulikuwa tunakula. Mama aliweka obusuma, ugali wetu, na mboga za kunde. Baba alinigeukia mimi, akaongea kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

"Mwanangu, jiwe bado tupu?"

"Bado, baba."

"Haidhuru. Aliyechukua nafikiri alikuwa na shida yake. Mimi nikiikuta pale hata kesho, hata ikiwa imekwaruzwa, sitauliza. Hata kama si yenyewe, mtu akija akasema tu iko mahali fulani, sitauliza. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Alikuwa ananitumia mimi kama baba mkubwa, lakini mimi sikujua nimewekwa katikati. Kaka alikuwa anakanda tonge moja vidoleni, anakanda, anakanda, mpaka likawa gumu. Hakulila. Leo najua kwamba pikipiki haikuwepo tena ya kurudishwa. Alikuwa ameikabidhi siku ile ile kwa mtu aliyemsubiri kwenye mashamba ya miwa, na mtu huyo alivuka nayo mpaka. Kaka alipewa sehemu ndogo, akaahidiwa nyingine, na hakumwona tena yule mtu. Karo aliyoiwaza haikutosha hata muhula. Alisimulia hivyo baadaye, kwa mtu mwingine, si kwetu.

Siku ya chungu ilifika, mchana, jua kali. Kaka alikuja mapema kusaidia. Alibeba mabenchi ya kanisa, akaanza kupasua kuni za chai. Mimi nilikuwa jikoni na mama, nilimwona kupitia mlango. Mzee wa kufunga wezi alitokea langoni akiwa na mfuko wa ngozi begani, na nyuma yake mjukuu wake amebeba chungu kichwani. Kilikuwa chungu chekundu, kipya kabisa. Kaka aliinua shoka, akaona chungu, akalishusha shoka kwenye gogo likanasa. Hakulichomoa. Alipita nyuma ya migomba taratibu, kama mtu anayekwenda haja.

Baba pia aliona. Alikuwa amekaa mbele, kengele magotini.

Watu walikaa. Mzee aliweka chungu katikati ya uwanja.

"Mulembe," akawasalimu, wakamjibu. "Mimi sina maneno mengi. Nani ana kitu kilichogusana na kilichopotea?"

"Ni hiki," liguru akasema, akionyesha kengele.

"Kizuri. Nitakivunja. Nikishakivunja sina njia ya kukiunga, na maneno nayo ni hivyo. Kwa hiyo nauliza mara ya mwisho, kuna mwenye la kusema?"

"Sema wewe," senje akamjibu, "sisi tumechoka kusema."

Mzee akanyoosha mkono. Baba hakumpa kengele. Aliinuka, na kwa sababu hakuwa ameshika fimbo alitikisika kidogo, liguru akataka kumshika, akakataa.

"Mzee, rudisha chungu chako," baba alisema. "Pikipiki haikuibwa. Niliiuza."

Nikasikia chai ikichemka nyuma yangu.

"Uliiuza?" liguru akauliza.

"Niliiuza kwa mtu wa kupita, upande wa Mumias. Siku ya mazishi nilimtuma aje aichukue. Mlango nilimwambia auvunje."

"Na mnyororo?"

"Na mnyororo."

"Kwa nini sasa, wewe mtu?"

Baba alifikiri. Si mtu wa uongo, na uongo ulimpa taabu kama mguu. "Nilimwogopa mke wangu," akasema.

Wakalipuka kwa kicheko, kile kicheko kibaya. Mmoja akasema huyo ni fundi wa mashine lakini nati za kichwa zimelegea. Mwingine akauliza kama mama anatumia mwiko au mchi. Senje hakucheka. Alisimama mbele ya baba.

"Ndugu yangu, umerogwa? Tumeshuku vijana wa watu. Mimi nimegombana na jirani yangu wa kibanda kwa ajili yako. Niambie ukweli mbele ya hawa."

"Ukweli ndio huo, dada."

Kisha mama akatoka jikoni. Alifuta mikono kwenye leso yake. Nilimtazama na nikaona kwamba hakuambiwa lolote, na kwamba alikuwa ameelewa yote pale pale, akiwa ameliangalia lile shoka kwenye gogo.

"Ni kweli," mama akasema. "Mimi ningemsumbua. Tusameheni, baba zangu."

Yule mzee aliwatazama wote wawili. Akakishika chungu, akakigeuza juu chini ili kila mtu aone ni kitupu. "Chungu changu hakijaguswa," alisema. "Hakuna kilichofungwa hapa leo. Nipeni chai niende."

Wazee walimtoza baba mbuzi kwa kusumbua kijiji, wakamla hapo hapo, na baba akawakatia nyama yeye mwenyewe.

Kaka hakurudi kutoka kwenye migomba. Tulimtafuta kwenye gereji, wakasema hajaonekana. Alikimbia alipoona chungu, akajua kitafungwa, na hakukaa kusikia baba akikizuia. Hilo ndilo lililotuumiza kupita pikipiki. Baba alijivua heshima yake yote mbele ya watu ili kumwokoa mwanawe, na mwanawe hakuwepo.

Baada ya hapo wenye mashine za posho hawakumwita baba tena. Wengine walisema hawamwamini, wengine walimwonea huruma kwa umbali. Alianza kukaa nje na tupa, akinoa majembe ya majirani. Senje hakuja kwetu kwa muda mrefu. Alipokuja alileta mkungu wa ndizi, akauweka chini bila salamu, akalia. Sijui nani alimwambia, au kama alijiambia mwenyewe.

Habari za kaka zililetwa na utingo wa lori, kijana wa kwetu aliyekuwa akienda na mizigo mpaka Uganda. Alimkuta upande wa Jinja, akikata miwa.

"Amekonda," utingo alisema, akizungusha kofia mikononi. "Anakohoa. Nikamwambia nenda hospitali, akasema dawa ya hospitali haikijui chungu. Nikamwambia, chungu gani? Hicho chungu hakikufungwa, baba yako alikizuia, kijiji kizima kilimcheka. Akanicheka mimi. Akasema, wamekutuma uniambie hivyo ili nirudi nife nyumbani."

Mama alifunika uso kwa leso. Baba aliuliza, "Alisema hivyo, nife nyumbani?"

"Alisema hivyo, mzee."

Baba alikwenda ndani. Alirudi na kengele. Aliipangusa kwa kiganja, akaigonga kwa ukucha, ikalia. Hapo ndipo aliponieleza yote, mbele ya utingo, bila aibu: msumari, tangazo, jiwe, mimi kuwekwa katikati. Halafu akasema, "Kama chungu kingefungwa, hii ingevunjwa. Yeye anajua. Mpe mkononi. Usimwambie neno, mpe tu."

Niliifunga kengele kwenye sweta la zamani la kaka. Niliogopa utingo asije akaiweka chini njiani, nikamtazama baba. Baba alimwambia.

Tulisubiri. Mama alifua blanketi la kaka akalianika, na lilipokauka akalifua tena. Baba alianza kunyoa ndevu kila asubuhi.

Lori liliporudi, utingo alishuka kabla halijasimama vizuri. Alikuwa amelishika sweta kifuani kwa mikono miwili, na nikajua kwa jinsi alivyolishika kwamba bado lilikuwa zito.

"Ameondoka pale," alisema. "Wenzake wanasema mvua zilipoanza kikohozi kilizidi, akachukua mkeka wake akaenda. Hakusema wapi. Niliuliza kambi zote, mzee. Niliuliza mpaka wakanifukuza. Sikuiweka chini."

"Asante," baba akasema. "Umefanya kazi ya ndugu."

Kwa siku kadhaa kengele ilikaa kwenye msumari wake. Kisha asubuhi moja baba aliniambia nichukue nyundo tufuatane. Tulikwenda polepole mpaka njia panda. Alichimba shimo kando ya lile jiwe, akasimamisha kigingi cha mti mgumu, akapigilia msumari, akaitundika kengele hapo, wazi, mahali ambapo kila anayetoka barabara ya Mumias ataiona kwamba ni nzima. Nilimuuliza kama tuifunge kwa waya, maana ni shaba na watu wanapita. Akasema hapana.

Amenitaka pia niandike haya. Ananiambia siandiki haraka lakini sifuti hovyo. Sikuweka jina la mtu, kwa sababu yanayomhusu ni ya aibu, na kwa sababu yeye akiisoma, au akisomewa, kengele itamtosha. Haijavunjwa. Hakuna kilichofungwa.

Iko pale mpaka leo, bila mnyororo wala kufuli, na hakuna aliyeichukua. Asubuhi na mchana inalia. Ikilia, baba anaacha tupa juu ya jembe na kuinua kichwa.

"Nenda uangalie," ananiambia.

Naenda. Mara zote nimekuta ni watoto wa shule, wanaigonga kwa vijiti wakipita. Narudi namwambia ni watoto, naye anaendelea kunoa.